Mara ya kwanza visiwa vya Karibi: siku tisa, visiwa vinne, mwezi wa tisa. Niko sawa au nimechemka?

kobe_mgeni

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kabla sijalipa, maana nikishalipa ndo basi tena.

Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa na hatujawahi kwenda mapumziko ya maana hata siku moja, zile safari za harusi za watu unalala kwenye mkeka ukumbini mimi sizihesabu. Tumedunduliza kidogo kidogo na sasa tumesema liwalo na liwe, tunaenda visiwa vya Karibi. Hatuna ndugu huko wala rafiki, tunachokijua ni zile picha tu, maji ya bluu na mnazi umelalia upande mmoja.

Likizo yangu haihamishiki, ni wiki ya pili na ya tatu ya mwezi wa tisa, bosi kashasaini na nikimgusa tena atafuta zote. Na kusema kweli nilifurahi maana nimecheki hoteli mwezi huo bei imeshuka, kuna sehemu ni karibu nusu ya bei ya Januari, nikasema hapa Mungu katukumbuka.

Plani yangu: Jamaica siku tatu, St Lucia siku mbili tuone ile milima miwili iliyochongoka, Barbados siku mbili, tumalizie Aruba siku mbili. Kwenye ramani vimepangana kama shanga, kwa hiyo nikachukulia kuna boti za kuvusha watu kutoka hiki kwenda kile.

Mnijue kidogo: mimi naogelea kwa kubabaisha, mke wangu haogelei kabisa, yeye mwisho wake magotini. Ila mpeleke mjini atembee kwa miguu aangalie majumba ya zamani, ale chakula asichokijua jina, hapo atakusifia mwaka mzima. Mimi nataka bichi na usingizi. Pombe hatuna habari nayo sana. Kuendesha gari ugenini sipendi ila nikilazimika nitaendesha.

Sasa, visiwa vinne inawezekana? Zile hoteli za kulipa kila kitu kwa pamoja ni ujanja au ni mtego? Na mambo ya visa naanzia wapi? Msinicheke sana.

nahodha_mstaafu

Karibi si karibu bwana 😄

Toka Jamaica mpaka St Lucia ni zaidi ya kilomita 1,500, hiyo sio shanga hiyo ni bahari. Barbados kwenda Aruba nako kunavuka elfu moja. Boti za abiria zipo lakini ni vipande vipande, kuna ile ya mwendo kasi inayounganisha Guadeloupe, Dominica, Martinique na St Lucia, halafu kuna vivuko vidogo kama cha Kingstown, St Vincent, kwenda kisiwa cha Bequia, saa moja tu umefika. Huko kwingine ni ndege, na mara nyingi ndege haiendi moja kwa moja, unaanza kupelekwa kisiwa cha tatu ambacho hukukitaka unakaa hapo masaa manne unatazama friji la soda.

Kila ukihama kisiwa hesabu siku imekufa. Kufunga mabegi, kutoka hotelini saa nne, foleni, kuchelewa, foleni ya uhamiaji, teksi. Wewe una siku tisa na kuhama mara tatu, toa na siku za kwenda na kurudi, unabaki na siku ngapi za kuloweka miguu? Halafu hiyo St Lucia yako ina viwanja viwili, Hewanorra uko kusini kabisa Vieux Fort na ule mdogo uko Castries kaskazini, ndege kubwa zinatua kusini na hoteli nyingi ziko kaskazini, hapo katikati ni barabara ya kona kona saa moja na nusu. Siku mbili hizo utazimalizia kwenye teksi.

Kisiwa kimoja. Ukijitahidi sana viwili vilivyo jirani. Vinne waachie watu wa meli za kitalii.

mama_pacha

Kaka umejiuliza kwa nini bei imeshuka?

Msimu wa vimbunga huko ni kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba na kilele chake ni kama tarehe 10 Septemba, yaani likizo yako imeingia katikati kabisa kama umeipimia kwa rula. Kimbunga Irma kiliipiga Barbuda tarehe 6 Septemba 2017, siku kumi na mbili baadaye Maria ikaingia Dominica. Ivan pale Grenada ilikua tarehe 7 Septemba 2004. Na siku hizi vinawahi, Beryl ilifika Carriacou tarehe 1 Julai 2024 na ikapitia kuvunja boti za wavuvi Barbados.

Sisemi kila Septemba visiwa vyote vinapigwa, hapana, kisiwa kimoja kinaweza kukaa miaka na miaka hakijaguswa. Lakini mimi nimeyaona. Tulikua Antigua miaka ya nyuma, kimbunga wala hakikutupiga, kilipita mbali kaskazini, lakini uwanja ulifungwa, hoteli wakapigilia mbao madirishani, viti vya bwawa wakavitumbukiza ndani ya bwawa lenyewe visipeperuke (hiyo sikuijua, walivizamisha vyote tukawa tunaviona chini ya maji vimepangana kama darasa), na sisi siku mbili ni biskuti na samaki wa kopo na watoto wanauliza bichi iko wapi. Halafu ndo nikakumbuka bima. Nikaingia mtandaoni kununua, wakaniambia kimbunga kikishapewa jina hakiko kwenye bima, ilibidi ninunue kabla. Kwa hiyo bima inanunuliwa siku ileile unayolipa tiketi, sio siku unayoona habari kwenye taarifa.

Sasa habari njema. Ukiangalia ramani chini kabisa karibu na Venezuela kuna Aruba, Bonaire na Curaçao. Hizo ziko kwenye nyuzi kama 12 kaskazini ya ikweta na njia ya vimbunga kwa kawaida inapita juu yake. Haimaanishi haviguswi, mkia wa kimbunga unaweza kuleta mawimbi na mvua siku mbili, lakini ni tofauti na kupigwa. Wewe tayari Aruba ilikua kwenye listi yako, basi chagua humo humo.

saa_saba_mchana

Msimtishe mwenzenu. Mimi nimeenda Punta Cana, Jamhuri ya Dominika, Septemba mara mbili nimepata mvua ya nusu saa jioni basi, bei ya kutupa, bichi tupu, unapanga viti utakavyo. Na hizo hoteli za kulipa kila kitu pamoja kwa mtu wa mara ya kwanza ni akili, unajua hela yako imeishia wapi kabla hujatoka nyumbani, huna kuhesabu kila soda. Mke haogelei? kuna mabwawa ya kina cha magoti yana baa katikati.

pilipili_haradali

@saa_saba_mchana umebahatika ukaita akili 😂

Ila kwenye hoteli za kulipia yote, mimi msimamo wangu ni huu: kama mna watoto wadogo au mnakunywa kweli kweli, lipeni. Hawa wamesema pombe hawana habari nayo, kwa hiyo watakua wanalipia ulevi wa watu wengine. Na shemeji anataka kula asichokijua, pale bufee atakuta tambi, nyama choma ya kizungu, na usiku mmoja kwa wiki wanaita usiku wa kienyeji. Utakaa siku tisa ndani ya geti unarudi nyumbani hujui hata wenyeji wanasalimianaje.

Najua likizo yako haihamishiki lakini uzi huu wanasoma na wengine kwa hiyo nasema tu: mwenye uwezo wa kwenda mwisho wa Aprili au Mei aende Barbados. Msimu wa bei kali unaanza katikati ya Desemba mpaka katikati ya Aprili, ukivuka hapo bei inalegea na vimbunga bado. Kisiwa kina urefu wa kilomita 34 tu, bichi zote ni za umma, na kwa miguu na basi unakimaliza. Nauli ni dola tatu na nusu za kwao popote unapokwenda. Kuna mabasi ya bluu ya serikali, ya njano ya watu binafsi, na kuna vile vigari vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee wanaviita ZR, humo unakaa mapajani kwa mtu, spika iko chini ya kiti inakutikisa figo, na konda anajua kila mtu anashuka wapi. Vibao vya vituo vimeandikwa ama unaenda mjini ama unatoka mjini, basi, ukijua hilo hupotei.

Pwani ya magharibi bahari ni kama ya kwenye beseni, pale Carlisle Bay unaweka miwani na mrija unaona meli zilizozama na kasa wanapita chini yako. Pwani ya mashariki, Bathsheba, nenda kaone yale majabali yamesimama kwenye maji kama uyoga lakini usiingie kuogelea, ile ni Atlantiki na mkondo wake hauna adabu. Ijumaa usiku nenda Oistins, samaki kwenye makaa, unapewa na makaroni ya kuoka na ile pilipili yao ya njano ina haradali, ukiimwaga kama tomato sosi utalia mbele za watu. Nilifanya hivyo. Jina langu mnaliona.

Jambo la dola sasa, hili muwe makini. Barbados wana dola yao, mbili kwa moja ya Marekani tangu 1975. St Lucia, Grenada, Antigua, Dominica na wenzao wanatumia dola ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa moja. Mtu wa teksi akikwambia arobaini usipande, kwanza uliza arobaini ipi. Mimi siku ya kwanza niliambiwa arobaini nikatoa za Marekani, mzee akazipokea akanitazama, akanitazama tena, akanirudishia ishirini. Mwingine asingerudisha. Na kwenye menyu ndo hivyohivyo, unaona sahani ya samaki 50 unashtuka kumbe ni 25. Halafu tizama chini ya bili kama huduma imeshawekwa, wengi wanaweka asilimia 10 au 15, usije ukatoa bakshishi mara mbili.

Na jamani nguo za madoa madoa za jeshi msibebe. Barbados, Jamaica, Trinidad, St Lucia, ni kosa kisheria kwa raia kuzivaa, hata kaptula ya mtoto. Watu wananyang'anywa pale pale uwanjani.

kobe_mgeni

Aisee. Nimesoma nimechoka nimefurahi. Kwa hiyo Jamaica, St Lucia na Barbados naziweka pembeni kwa mwaka mwingine. Mke wangu kapitia uzi akasema anamtaka huyo wa pilipili awe shoga yake.

Sasa vimebaki hivyo vitatu vya chini. Aruba naisikia sana, Curaçao nasikia tu kwenye kinywaji, Bonaire sijui hata kuitamka. Tofauti yake nini? Na vipi mambo ya mwani, nimeona video bichi imejaa mwani wa kahawia mpaka watu wanauzoa kwa trekta.

otrobanda_kwetu

Nimefanya kazi Curaçao miaka mitatu, subiri nikae vizuri.

Kwanza ondoa kichwani ile picha ya mnazi na msitu. Visiwa hivi vitatu ni vikavu, ukitoka nje ya mji ni mipungate mirefu kama nguzo za umeme, miiba, mbuzi na mijusi mikubwa ya kijani inayokaa juu ya ukuta inakutazama kama inakudai. Mtu aliyetaka maporomoko ya maji na kijani aende Dominica. (Dominica, sio Jamhuri ya Dominika, hizo ni nchi mbili tofauti, na watu wanakata tiketi ya moja wakijua wameikata nyingine, angalia jina la uwanja.)

Bonaire ni ya wapiga mbizi. Unavaa mtungi unaingia majini kutoka barabarani. Nje ya maji ni kijiji, kuna chumvi na heroe, na hela yao ni dola ya Marekani tangu 2011. Kwa mtu wa magotini utakua umempeleka kukaa kwenye gari kukusubiri.

Aruba ndo rahisi kuliko zote. Eagle Beach ni mchanga mweupe mpana kweli kweli, mabasi yanapita toka Oranjestad kwenye hoteli zote kwa hiyo gari huhitaji, na kule kusini mashariki kuna Baby Beach, kidimbwi cha bahari maji ya kiunoni unatembea tu. Ile miti iliyopinda kwenye picha iko hapo Eagle Beach, na kila mtu anaiita dividivi wakati ni fofoti, usibishane nao. Ila Aruba imejaa mahoteli na maduka, mji wenyewe unaumaliza kabla ya chai kupoa.

Kwa nyie wawili nawaambia Curaçao. Mke wako nimeshamwona anapotembea.

Willemstad umekatwa katikati na mkono wa bahari, upande mmoja Punda upande mwingine Otrobanda, na katikati kuna daraja la watembea kwa miguu la mwaka 1888, linaelea juu ya maboti. Meli ikija, kengele inalia, daraja zima linajikata upande mmoja na injini inalisukuma linafunguka kama mlango, na kama uko juu yake wanafunga geti unakwenda nalo. Usiogope, ni raha. Angalia bendera: ya chungwa maana yake ni dakika chache, simama usubiri, ya bluu ni meli kubwa, itachukua muda, shuka ukapande kivuko, ni bure. Mimi mwezi wa kwanza sikulijua hilo la bendera nikawa nachelewa kazini nasimama palepale na mkoba wangu. Jioni kaeni upande wa Otrobanda mtazame yale majumba ya rangi rangi ng'ambo, jua likiwa linashuka mgongoni kwenu linayapiga usoni. Mji huo uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1997.

Chakula cha mchana ni Plasa Bieu, soko la zamani pale Punda. Banda moja kubwa, wapishi kila mmoja na jiko lake na masufuria kama ya msibani, meza ndefu unakaa na usiyemjua. Agizeni kabritu stobá, hiyo ni mbuzi wa mchuzi mzito, na funchi. Funchi ni unga wa mahindi umesongwa, nyie hapo hamhitaji maelezo. Muwahi, saa tisa watu wanaosha sufuria. Lugha ya wenyeji ni Papiamentu, sema bon dia asubuhi na danki ukipewa kitu, utaona sura inavyofunguka. Neno dushi mtalisikia kila dakika, ni tamu, ni mpenzi, ni chakula kizuri, ni hali ya hewa nzuri, ni kila kitu.

Bichi: ile ya karibu na mji ni Mambo Beach, wamejenga ukuta wa mawe baharini kwa hiyo ndani maji yametulia, mkeo atakaa humo atajiona bingwa. Wanatoza kiingilio na kuna muziki wao. Nzuri zaidi ziko magharibi, kule Westpunt, na huko ndo kwenye shida ya gari. Basi lipo linatoka Otrobanda lakini ni safari ya zaidi ya saa moja na likikupita utalisubiri mpaka ukome. Kodi gari siku tatu, wanaendesha kulia. Kenepa Grandi ndo yenye maji yale mnayoyaona kwenye picha, na jirani hapo ndo kwenye shamba ambako mtumwa aitwaye Tula alianzisha uasi wa watumwa tarehe 17 Agosti 1795, pitieni muone lile jumba juu ya kilima kabla hamjaenda kuvua viatu. Bichi nyingi sio mchanga laini, ni vipande vya matumbawe yaliyovunjika, yanachoma unyayo, nunueni viatu vya majini. Cas Abao ina mchanga na ina vivuli, wanatoza kwa gari.

Halafu Playa Piskado asubuhi. Hapo wavuvi wanarudi, wanapasulia samaki kwenye meza ya saruji pale gatini, matumbo wanatupa majini, na kasa wanakuja kugombania. Mkubwa kama beseni la kufulia anapita hatua mbili kutoka ulipo, na mtu wa magotini anawaona vizuri tu akiwa amesimama gatini. Msiwashike.

Mwani: ule wa kahawia umekua tatizo tangu 2011, unakuja na mkondo wa Atlantiki, zaidi miezi ya kati ya mwaka, na unabwagwa pwani za mashariki. Ukioza unanuka mayai viza. Curaçao karibu bichi zote za kuogelea ziko upande wa pili, kusini magharibi, kwa hiyo mara nyingi hauonekani.

Ubaya wa Septemba niuseme, nisije nikaitwa dalali. Upepo ule unaovuma mwaka mzima unapungua mwezi huo na joto linakaa, 32, 33, hakuna linapokwenda. Hoteli isiyo na kiyoyozi usichukue hata kwa bure. Mvua zenyewe zinaanza zaidi Oktoba. Maji ya bomba ni ya bahari yamesafishwa, ni matamu, msinunue ya chupa. Hela imebadilika, toka 31 Machi 2025 wana gilda mpya ya Karibi, 1.79 kwa dola moja, lakini dola ya Marekani wanapokea karibu kila mahali, chenji ndo utapewa ya kwao.

karani_wa_pasi

Visa kwa kifupi maana naona kila mtu anapaka rangi ukuta na msingi haujamwagwa.

Anza na njia ya ndege, sio kisiwa. Ukipitia Marekani, hata kama unabadilisha ndege tu hutoki nje, unahitaji visa ya kupita au ya kawaida kama pasi yako haina msamaha, hakuna cha kukaa ndani ya uwanja. Watu wananunua tiketi ya bei poa kupitia Miami halafu wanarudishwa kaunta. Kwa Curaçao na Aruba kuna ndege za moja kwa moja kutoka Amsterdam, angalia nayo kama pasi yako inadaiwa visa ya kupita uwanjani. Na Schengen ya kawaida (ile visa ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) na visa ya visiwa vya Kiholanzi (Curaçao na Aruba zimo humo) ni vitu viwili, wana misamaha kwa wenye visa fulani fulani za kuingia zaidi ya mara moja, soma kwenye tovuti ya serikali ya Uholanzi kwa pasi yako wewe, sio ya rafiki yako. Martinique na Guadeloupe hivyohivyo, ni Ufaransa kabisa na wanatumia yuro lakini hawako Schengen.

Mengine: tiketi ya kurudi, karatasi ya hoteli, fomu ya mtandaoni kabla ya kufika (jaza kwenye tovuti ya serikali, kuna za matapeli zinatoza), na kama unatoka au umepitia nchi yenye homa ya manjano beba ile kadi ya chanjo, uchanjwe siku kumi kabla. Ukishachanjwa ni ya maisha.

Hoteli chukua ile inayokubali kughairi bure mpaka visa itoke. Usilipe tiketi kwanza.

saa_saba_mchana

Bado nasema Punta Cana ingekua nusu ya stresi hizi 😏

kobe_mgeni

Mjadala umefungwa na mwenye nyumba. Mke wangu kaona neno daraja linaloelea akaweka simu chini akasema huko huko. Tumekata shauri: Curaçao peke yake, usiku tano Willemstad kwa miguu, usiku tatu Westpunt na gari la kukodi, bima siku ileile ya tiketi, visa kwanza. @saa_saba_mchana ukienda tena Punta Cana nitumie picha ya kiti.

Swali la mwisho. Naona matangazo ya safari ya siku moja kwenda Klein Curaçao, kile kisiwa kitupu chenye mnara wa taa. Mtu asiyeogelea aende?

otrobanda_kwetu

Aende, mchanga wa kule ndo bora kuliko wote na anaweza kukaa ukingoni siku nzima. Ila mwambie ukweli kuhusu boti. Kwenda ni kama saa mbili na mnapigana na mawimbi uso kwa uso, kurudi ndo mnateleza. Mimi nilikunywa maziwa asubuhi kwa kujifanya nimeshiba vizuri, nikamaliza safari nimeshika ndoo na jamaa nisiyemjua ameshika shati langu. Kidonge cha kichefuchefu mmeze nusu saa kabla ya kuondoka, sio mkishaanza kusikia. Kaeni nyuma, chini, katikati. Msikae mbele hata kama viti vinaonekana vizuri. Na muulize kabla kama boti inafika gatini au mnashushwa na kiboti kidogo, maana zingine mnaruka majini.

Na kivuli. Hili nimelisahau huko juu na ni kubwa. Kwenye bichi nyingi za Karibi kuna mti una majani ya kijani yanang'aa na vitunda vidogo kama tufaha changa, kwa Papiamentu wanauita manzaliña. Ni sumu kuanzia jani mpaka gome. Tunda usionje, kuni zake usichome, na mvua ikinyesha usijifiche chini yake, yale maji yanayodondoka yanaunguza ngozi. Visiwa vingine wanaupaka mstari mwekundu kwenye shina, lakini usisubiri mstari. Mwenyeji mmoja alinitoa chini yake kwa kunivuta mkono bila hata salamu, nikadhani ananiibia. Mkifika bichi mkaona kivuli kizuri kitupu na watu wote wamejibana juani upande wa pili, nanyi nendeni mkajibane nao.

pilipili_haradali

Mwambie shoga yangu abebe nguo ya mikono mirefu ya jioni, usubi wa kule wanaanza kazi jua likizama. Na picha za hilo daraja nazisubiri humu.